Majibu ya Shambani na ya Chumba cha Upasuaji Yarudishwe kwa Wenyewe: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Utafiti Uganda

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Mifugo na Uvuvi. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Na Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA).

YAH: MATOKEO YA UTAFITI WA METALI NZITO MASHAMBANI NA WA HALI ZA WAGONJWA BAADA YA UPASUAJI

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji, na kwa sasa ninalima mahindi, maharage na mboga katika bonde la mto Nyamwamba, wilayani Kasese. Kwa sababu ya kazi hizo mbili nimewaona watafiti wakiingia kwa milango miwili. Hospitalini walikuja na madodoso kuhusu wagonjwa waliopasuliwa: nani kidonda chake kilitunga usaha, nani alirudishwa mezani, nani alifariki. Shambani walikuja na mifuko ya nailoni, wakachota udongo, wakachuma majani ya dodo, yaani mchicha, wakaandika namba kwenye mifuko na kuaga kwa heshima. Sina lawama juu ya adabu yao wala juu ya elimu yao. Kinachonifanya niandike ni kwamba mgonjwa na mkulima, ambao bila wao utafiti usingekuwapo, ndio watu wa mwisho kuambiwa kilichoonekana, na mara nyingi hawaambiwi kabisa.

Ninyi ndio mnaotoa vibali na kupokea ripoti, na ndio wenye uwezo wa kubadili jambo hili bila kungoja sheria mpya. Ninaomba utafiti wowote uliochukua kitu kutoka mwilini mwa mtu au shambani mwake usihesabiwe kuwa umekamilika mpaka majibu yawe yamerudishwa mahali yalipotoka, kwa lugha inayoeleweka hapo. Ninaomba pia majibu hayo yaandikwe kwa namna ambayo daftari la hospitali na ramani ya udongo vitaweza kusomwa pamoja. Nitaeleza kwa nini.

Nianze na udongo, kwa kuwa ndiko tunakoishi. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulifanya kazi kuanzia 1956 hadi 1982, ukaacha zaidi ya tani milioni 15 za mabaki ya mawe yaliyosagwa, yenye pairiti (madini ya chuma na salfa) iliyobeba shaba na kobalti, yakiwa yamemwagwa ndani ya bonde la mlima ambamo mto Nyamwamba unapita. Pairiti ikikutana na hewa na maji hutoa tindikali, na tindikali huyeyusha shaba, kobalti, nikeli na zinki zilizokuwa zimefungwa ndani ya jiwe. Mvua kubwa ikinyesha juu Rwenzori, mto huyamega marundo hayo na kuyashusha hadi kwenye bustani zetu, hadi mjini Kasese, na mwishowe kuelekea Ziwa George, ambalo mwaka 1988 lilikuwa eneo la kwanza la Uganda kuingia katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Hayo si maneno ya sokoni. Mwaka 2016 watafiti, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Makerere na wa Chuo Kikuu cha Nottingham cha Uingereza, walichapisha utafiti wa awali kuhusu wakazi wa eneo la Kilembe, wakiwa wamepima mabaki ya mgodi, udongo wa mashamba, vyakula, vumbi la ndani ya nyumba, maji ya kunywa na kucha za miguu za watu waliojitolea. Walikuta kwamba asilimia 51 ya sampuli za udongo wa mashamba zilikuwa zimechafuliwa. Kobalti ilivuka kiwango walichokitumia kama kipimo katika asilimia 25 ya vyanzo vya maji ya nyumbani na asilimia 40 ya sampuli za maji ya Nyamwamba. Katika mchicha, asilimia 47 ya sampuli zilikuwa na madini ya risasi yaliyozidi miligramu 0.3 kwa kilo, na zinki ilizidi kiwango katika asilimia 36. Hata kwenye ndizi, sampuli moja kati ya tano ilivuka kiwango cha risasi.

Mtu akiishia hapo ataogopa, na nimewaona walioogopa. Lakini watafiti haohao walipokokotoa kiasi ambacho mtu hula na kunywa, hesabu yao haikuonyesha hatari ya kiafya kutokana na vyakula na maji hayo. Walipendekeza udongo wa mashamba utibiwe, maji yanayotoka chini ya mgodi yadhibitiwe, na marundo yazuiwe yasiendelee kumomonyoka. Majibu ya namna hii yana pande mbili: udongo umechafuka, ilhali chakula chake, kwa hesabu ya wakati ule, hakijafikia kumdhuru mlaji. Ili kuyaelewa sawasawa, mtu anahitaji kuketi na mwingine wa kumweleza. Asipoelezwa, anabaki na upande mmoja tu, na upande unaosafiri haraka ni ule wa kutisha. Sokoni wapo wanaouliza mboga imelimwa ng'ambo ipi ya mto kabla hawajatoa fedha, na wapo wauzaji wanaojibu kwa uongo. Wote wawili wangesaidiwa na karatasi moja iliyobandikwa kwenye ofisi ya parishi, ile ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji.

Niseme kidogo kuhusu kucha, kwa sababu jambo hilo limenikaa moyoni. Watafiti waligundua kwamba kucha za miguu, hata baada ya kuoshwa, zilikuwa zimeshikwa na uchafu wa nje kiasi cha kutilia shaka kama zinafaa kuonyesha kilichomo mwilini mwa watu ambao miguu yao inakanyaga vumbi kila siku. Kwa mwanasayansi hayo ni matokeo halali na ya manufaa. Kwa aliyekata kucha zake akazitia kwenye kibahasha, ni jambo analopaswa kuambiwa waziwazi, la sivyo ataendelea kuamini kwamba mahali fulani kuna jibu kuhusu mwili wake ambalo limefichwa.

Majibu yangerudi, mkulima angeyafanyia nini? Mengi. Mboga za majani kwa kawaida hukusanya metali kuliko punje za nafaka, kwa hiyo kipande cha shamba kilichofunikwa na tope la kijivu la mgodi kingeweza kupandwa mahindi au miti, na mchicha ukahamishiwa mahali palipoinuka. Vumbi hushika kwenye majani, kwa hiyo kuosha mboga kwa maji safi kunapunguza sehemu ya uchafu, ingawa hakuondoi kilichoingia kupitia mizizi. Udongo ukiwa na tindikali nyingi huiachia mimea shaba, zinki, nikeli na kobalti kwa urahisi zaidi, na chokaa ya kilimo pamoja na samadi iliyooza vizuri husaidia kuzishikilia. Hapohapo kuna mtego: aseniki, sumu ambayo nayo ilionekana kwa wingi katika mabaki ya Kilembe, huweza kulegea zaidi chokaa ikizidi. Ndiyo maana ushauri wa jumla unaotolewa redioni kwa wilaya nzima hautoshi. Afisa ugani anahitaji kujua namba za shamba analolishauri, na namba hizo zipo, zimelala kwenye tarakilishi za watu waliokwisha kupata shahada zao.

Zipo, lakini zinazeeka. Nyamwamba ulifurika vibaya mwezi Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020. Mafuriko hayo ya pili yalikuja miaka minne baada ya utafiti nilioutaja kuchapishwa, yakahamisha kingo za mto na kumwaga tope mahali ambapo halikuwapo. Shamba lililokuwa safi kwenye ramani huenda leo halipo safi, na lililochafuka huenda limefunikwa na mchanga mpya. Wakati huohuo, kwa miaka mingi Serikali ilitafuta mwekezaji wa kuufufua mgodi: kampuni ya Tibet Hima ilikabidhiwa mwaka 2013, na mkataba wake ukavunjwa mwaka 2017. Mgodi ukianza tena kabla udongo haujapimwa upya, hakuna atakayeweza kutenganisha uchafu wa zamani na mpya, na mkulima atakayelalamika ataambiwa kila kitu ni cha zamani.

Sasa niingie chumba cha upasuaji.

Utafiti mkubwa wa hali za wagonjwa baada ya upasuaji barani Afrika ulichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018. Ulihusisha hospitali 247 katika nchi 25, Uganda ikiwamo, na wagonjwa 11,422. Wagonjwa hao walikuwa na umri mdogo na hali nafuu kuliko wale wa nchi tajiri, na bado uwezekano wao wa kufa baada ya upasuaji ulikuwa mara mbili ya wastani wa dunia. Asilimia 18.2 walipata tatizo baada ya upasuaji, na la kawaida zaidi lilikuwa maambukizi. Waliofariki walikuwa asilimia 2.1, na karibu wote hawakufia mezani, bali siku zilizofuata, wakiwa wodini. Kwa sisi tuliofanya kazi hiyo, sentensi hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Daktari amefanya kazi yake vizuri, mgonjwa ametoka salama, kisha usiku muuguzi mmoja ana wagonjwa wasiohesabika, na mapigo ya moyo yaliyoanza kwenda mbio saa nane za usiku yanaonekana asubuhi.

Lakini utafiti huo, kwa jinsi ulivyopangwa, ulihesabu yaliyotokea hospitalini tu, hadi siku ya 30. Ninawaheshimu walioufanya, maana kukusanya takwimu za nchi 25 kwa wakati mmoja si mchezo. Hata hivyo, kila muuguzi wa wilayani anajua kwamba mama aliyejifungua kwa upasuaji huruhusiwa baada ya siku chache, hupanda boda boda kurudi mlimani, na kidonda kikianza kuchuruza hurudi si kwetu bali kwenye duka la dawa lililo karibu, au kwa jirani mwenye vidonge vilivyobaki. Katika rejista nilizozijaza mimi, mama huyo ameandikwa kuwa alitoka akiwa hai na hali yake nzuri. Rejista haidanganyi, inaishia mlangoni, kwa sababu hakuna aliyeiagiza ivuke mlango.

Kwamba inawezekana kuvuka mlango, tunao mfano hapahapa nchini. Katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, watoto wachanga 100 wenye vichwa vikubwa kutokana na maambukizi waligawanywa kwa kura kati ya aina mbili za upasuaji: kuwekewa mpira wa kupitisha maji kutoka kwenye ubongo, au kufanyiwa upasuaji wa kutumia kamera ndogo ambao hauachi mpira mwilini. Walifuatiliwa kwa miezi 12, wakapimwa uwezo wa akili na ukubwa wa ubongo, na mwaka 2017 ikachapishwa katika jarida la tiba la New England kwamba hakukuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Matokeo hayo yana uzito kwa mzazi wa kijijini, kwa sababu mpira huziba, na ukiziba mtoto anahitaji daktari bingwa haraka. Mzazi anayeishi mbali na Mbale ana haki ya kujua kwamba njia isiyo na mpira haikuonekana kumpunguzia mtoto wake uwezo wa akili katika mwaka ule wa kwanza. Kama watoto kutoka pande nyingi za nchi waliweza kufuatiliwa mwaka mzima, basi mama wa Kasese anaweza kufuatiliwa siku 30 kwa simu na kwa msaada wa wahudumu wa afya wa kijiji, wale wa VHT, ambao wanaijua nyumba yake.

Kuna swali ambalo nimeulizwa na akina mama nikiwa kazini na hata baada ya kustaafu: mtoto wangu amezaliwa na mgongo wazi, je, ni kwa sababu ya udongo wa mgodi? Siwezi kusema ndiyo. Kinachojulikana vyema ni kwamba upungufu wa foliki asidi kabla ya mimba na katika majuma yake ya mwanzo huongeza hatari hiyo, na kila msichana angestahili kuambiwa hivyo kabla hajaolewa. Lakini pia siwezi kusema hapana kwa uthibitisho, kwa sababu hakuna pa kuangalia. Daftari la hospitali linamwandika mtoto, umri wake, ugonjwa wake na wilaya yake. Daftari la mpima udongo linaandika nambari za setelaiti (GPS) za mahali na kina cha sampuli. Madaftari hayo mawili hayana hata safu moja inayofanana, kwa hiyo hata mtakwimu hodari akipewa yote mawili hataweza kuyakutanisha.

Hiyo ndiyo sehemu ya ombi langu ninayoamini ina gharama ndogo kuliko zote. Rejista ya upasuaji iandike parishi na kijiji anamoishi mgonjwa, kwa majina na namba zilezile zinazotumiwa na Ofisi ya Takwimu ya Uganda, na iandike ameishi hapo kwa muda gani na anafanya kazi gani. Kila ripoti ya udongo, pamoja na nambari zake za setelaiti, itaje parishi na kijiji kwa utaratibu uleule. Majina ya wagonjwa yabaki yamefungwa kama Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inavyotaka; anayelinganisha hahitaji jina, anahitaji mahali. Ninajua kwamba hata hapo hesabu itahitaji tahadhari, kwa kuwa magonjwa hayo ni machache katika kijiji kimoja, watu huhama, na vitu viwili vinaweza kukaa pamoja bila kimoja kuwa chanzo cha kingine. Tahadhari hiyo ni kazi ya wataalamu, na wataifanya wakipewa kitu cha kufanyia kazi.

Daktari wa upasuaji naye angefaidika. Kadimi, mojawapo ya metali nzito, hukaa kwenye figo kwa miongo ya miaka, na dawa nyingi tunazompa mgonjwa kabla na baada ya upasuaji hutegemea figo nzima. Risasi ikizidi mwilini huvuruga utengenezaji wa damu, na mgonjwa mwenye upungufu wa damu huingia chumba cha upasuaji akiwa na hatari zaidi. Mahali petu damu pungufu huhesabiwa moja kwa moja kuwa malaria, minyoo au lishe, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Daktari aliye na ramani ya udongo ukutani angejiuliza swali moja la ziada kwa mgonjwa anayetoka parishi fulani.

Nimesikia pingamizi, na si zote za kupuuzwa. Husemwa kwamba fedha za mradi huisha kabla ya majibu kutoka. Basi gharama ya kuyarudisha iandikwe kwenye bajeti tangu siku ya kuomba kibali, na asiyeiandika arudishiwe ombi lake. Husemwa kwamba watu watapatwa na hofu. Nimekwisha kueleza kwamba hofu ipo tayari. Pingamizi linalonisumbua ni la tatu, ambalo hutoka kwa wakulima wenyewe: shamba likitangazwa kuwa chafu, bei yake itaanguka, mazao yake yatakataliwa, na benki haitalikubali kama dhamana. Jirani zangu wawili waliniambia waziwazi kwamba wangependa kutojua. Sidhani ni haki kumpuuza mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo naomba majibu ya shamba moja moja apewe mwenye shamba peke yake, akiwa na mtaalamu wa kumweleza, na yatakayosomwa hadharani yawe ya parishi nzima. Naomba pia atakayeambiwa kwamba udongo wake umechafuka aambiwe siku hiyohiyo ni msaada gani uliopo, hata kama ni mifuko michache ya chokaa na ushauri wa kubadilisha zao. Kumpa mtu habari mbaya na kumwacha nayo hakutofautiani sana na kumnyima.

Kuhusu lugha sitasema mengi. Ibara ya 6 ya Katiba, baada ya marekebisho ya 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mji wa Kasese ulikua kwa mgodi uliovuta wafanyakazi wa makabila na nchi mbalimbali, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, sambamba na Lukonzo na Rutooro. Ukurasa mmoja kwa kila lugha hautamshinda mtafiti aliyeandika kurasa 200 kwa Kiingereza. Msingi wa kisheria nao haukosekani: Ibara ya 41 inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005 inaeleza namna ya kuipata, na Ibara ya 39 inatupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Mkulima hapaswi kuandika barua ya kuomba taarifa kuhusu shamba lake mwenyewe, lakini akilazimika, sheria iko upande wake.

Vyuo vikuu navyo visisahauliwe. Sehemu kubwa ya sampuli zinazochukuliwa mashambani na wodini huchukuliwa na wanafunzi wa shahada za uzamili, ambao wengi wao ni watoto wetu. Chuo kiwatake waambatishe kwenye tasnifu uthibitisho, uliosainiwa na mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, na mhudumu wa afya wa eneo husika, kwamba walirudi wakaeleza walichokipata.

Kwa kuanza, kabla ya kanuni yoyote mpya, naliomba Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia litoe orodha ya tafiti zote ambazo limezipa vibali wilayani Kasese kuhusu udongo, maji, vyakula na upasuaji, ikionyesha kila moja imefikia wapi, na orodha hiyo ibandikwe makao makuu ya wilaya, kwenye kaunti ndogo na kwenye vituo vya afya vya ngazi ya nne. NEMA na Wizara ya Kilimo nazo zitangaze ni lini udongo wa bonde la Nyamwamba utapimwa upya baada ya mafuriko ya 2020, na ziseme mapema, kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa, ni nani atakayerudi kutueleza majibu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu na mkulima,
Bonde la Nyamwamba, Kasese.

Nakala: Afisa Mkuu wa Utawala wa Wilaya, Afisa wa Afya wa Wilaya, Afisa Kilimo wa Wilaya, wenyeviti wa LC wa parishi za bonde la Nyamwamba.